Shajara ya mradi: miezi kumi ya jiu-jitsu kwa pozisheni tatu tu

Tarehe 7 Januari: kabla sijaanza

Naandika hii kwa ajili ya mtu anayejifunza jiu-jitsu ya Kibrazili (mchezo wa kushikana na kubanana chini mkekani, bila ngumi), anaenda mazoezini kila wiki, jasho linamtoka, na bado anaona hasogei. Mi nina miezi mitano mkekani, mkanda mweupe, yaani ngazi ya chini kabisa, naenda mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila mara. Jana usiku nilikaa na daftari nikaandika kila mbinu ninayoikumbuka kwa jina, zikafika 41. Afu nikajiuliza, kati ya hizo ni ngapi nimemfanyia mtu anayekataa, anayepambana kweli, ndani ya mwezi uliopita? Mbili. Na moja nilimfanyia mtu aliyekuja siku yake ya kwanza.

Bidii ipo, sikosi siku, kwa hiyo kasoro iko kwenye namna ninavyojifunza na ndo hiyo nataka niirekebishe mwaka huu. Nitaandika kila hatua ikiisha, kilichofeli nitakiandika kirefu zaidi kuliko kilichokubali, na gharama nitazihesabu kwa saa na kwa mwili.

Maneno nitakayotumia ili twende pamoja: gadi ni pale uko chini lakini miguu yako bado iko kati yako na mwenzio au imemzunguka. Nusu gadi umebakiwa na mguu wake mmoja tu katikati ya miguu yako. Kubanwa ubavuni ni pale keshapita miguu yote na kifua chake kimekukatiza kwa juu. Maunti kakukalia tumboni au kifuani. Mgongo ni pale kakushika kwa nyuma na miguu yake imeingia mapajani mwako kama ndoano. Kugonga ni kukubali, unampiga-piga kwa kiganja anakuachia.

Mpango wa kwanza: video moja kila siku, dakika 20, nairudia kichwani, nikifika mkekani najaribu.

Tarehe 2 Februari: video zimefeli

Nimeangalia video 24, kama saa 8 hivi, na kilichoingia kwenye sparingi (pambano la mazoezi) ni sifuri, sitii chumvi. Nilikuwa naangalia vitu vizuri kweli, gadi za kukunja mguu kwa nje, kupindua watu kwa lapeli (ukingo wa mbele wa koti), kabali za kola, na nikiwa nimekaa naona kabisa inavyofanya kazi. Nikishikana na mtu ile picha inapotea, maana kwenye video yule mwenzake anakaa pale pale anaposubiriwa, na huyu wangu mguu keshautoa, kichwa keshakishusha, uzito keshauhamishia upande mwingine kabla mi sijakumbuka hatua ya pili.

Kitu nilichokuja kukiona ni kwamba kuijua mbinu na kuiona nafasi yake ni vitu viwili tofauti. Video inakupa cha kwanza. Cha pili kinakuja kwa kushika mtu, kuhisi anasukuma au anavuta, na kuhisi mapema. Na kingine, kila siku video mpya maana yake kila siku naanza upya, hakuna hata moja iliyopata wiki mbili za kukomaa.

Sisemi video hazina kazi, huenda mbele huko nikazirudia kwa namna nyingine. Ila kama uko pale nilipokuwa mi, acha kwanza kukusanya.

Tarehe 23 Februari: kuhesabu ninapokufa

Hii ndo hatua iliyobadilisha mradi wote na haikunigharimu chochote zaidi ya kalamu. Kwa wiki tatu kila raundi ya sparingi ikiisha naandika mstari mmoja tu: mambo yaliniharibikia wapi. Siandiki nimepigwa na nini, naandika nilikuwa wapi pale ambapo nilishindwa kuendelea. Mwanzoni niliandika sana, nusu ukurasa kwa raundi, nikaacha siku ya tatu maana nilikuwa nimechoka na nasahau raundi ya kwanza ilikuwaje. Mstari mmoja unatosha, na uandike palepale pembeni ya mkeka, usisubiri ufike nyumbani.

Raundi 46. Kubanwa ubavuni 27. Mgongo 9. Maunti 6. Nne zilizobaki mchanganyiko.

Yaani 42 kati ya 46 nakufia sehemu tatu, na zile video 24 hakuna hata moja iliyohusu hizo sehemu. Nilikuwa najifunza kushambulia kutoka kwenye gadi ambayo ndani ya dakika moja sina tena. Kuanzia leo nafanyia kazi pozisheni tatu tu: ubavuni, maunti, mgongo. Nikionyeshwa kingine darasani nafanya kwa heshima ya darasa, lakini kwenye muda wangu ni hizo tatu.

Nikamuuliza kocha anionyeshe kosa langu la ubavuni, akaliona mara moja. Nilikuwa nasukuma kwa mikono iliyonyooka kama mtu anayenyanyua chuma. Mkono ulionyooka ni zawadi kwa mtu wa juu, anaukamata anakwenda nao, na hata asipoukamata misuli inaisha ndani ya sekunde chache kwa sababu unabeba mtu mzima. Kazi ya mkono ni kuwa fremu: kigasha kimoja kwenye shingo yake chini ya taya, kingine kwenye nyonga yake, kiwiko kimekunjwa na kimekaa karibu na mbavu zako. Fremu haimsukumi yeye, inamzuia asikufuate, anayesogea ni wewe. Unapiga daraja, yaani unainua nyonga juu kwa nguvu, kumtikisa, akirudi chini unakimbiza nyonga nje, kwenye ule mwanya unaingiza goti.

Mi nilikuwa nafanya kinyume, naingiza goti kwanza wakati nyonga bado iko palepale, goti linagonga ubavu wake linarudi. Nyonga kwanza, goti baadaye. Miezi mitano nimeambiwa "ingiza goti" na sijawahi kusikia neno nyonga, au liliambiwa na sikulisikia.

Tarehe 16 Machi: michezo midogo

Kufahamu hivyo bado hakukunitoa ubavuni. Nikamuomba mwenzangu mmoja tuwe tunabaki dakika 20 baada ya darasa, tunaanza moja kwa moja kwenye sehemu mbaya. Mi niko chini ubavuni, yeye juu, dakika mbili. Mi nikirudisha goti kati yetu nimeshinda, yeye akinibana mpaka muda uishe au akifika maunti kashinda. Yeyote akishinda, tunaanza tena palepale. Hamna kupiga kabali, hamna kufuli (kupindisha kiungo cha mtu mpaka agonge), ni hilo pambano dogo tu.

Wiki ya kwanza imefeli. Mwenzangu ananizidi kilo 14 na mkanda mmoja, akikaza nilikuwa natoka mara sifuri. Ukitoka sifuri hujifunzi kitu, unajifunza kuvumilia tu. Nikamwambia apunguze nguvu, wiki ya pili nikawa natoka kila mara, na hiyo nayo ni uongo, maana mtu anayepunguza nguvu anapunguza na yale maamuzi, anakaa kama gunia. Nikaenda kwenye sparingi ya kweli nikiwa na imani kubwa nikabanwa vilevile.

Suluhisho lilikuja kwa kubadilisha sheria ya mchezo na kuiacha nguvu yake ilivyo. Anakaza anavyotaka, ila haruhusiwi kupitisha mkono chini ya shingo yangu. Au anaruhusiwa mkono mmoja tu kushika. Au mi naanza tayari fremu moja iko sehemu yake. Hapo ndo nikaanza kutoka mara 3, mara 4 kwenye 10, kila ninapotoka nimetoka kweli kwa mtu anayekataa. Nikifika mara 6 au 7 tunaondoa ile sheria. Wanasayansi wa michezo wanaliita hili kufundisha kwa vizuizi, msingi wake mkubwa ni wa Karl Newell mwaka 1986, aliyeeleza kwamba mwendo wa mtu unatokana na mambo matatu yanayombana: mwili wake, mazingira, na kazi aliyopewa. Ukibadilisha kazi, mwendo unabadilika wenyewe. Mi niliyaona kwa mwili wangu: mwenzangu alipokatazwa kushika shingo, nikaanza kugeukia upande sahihi bila mtu kuniambia geuka.

Gharama: dakika 20 mara tatu kwa wiki, na lazima umpate mwenza anayeelewa unafanya nini. Huyo ni wa kumlinda. Nusu ya muda yeye anakaa chini na anachagua mchezo wake, usimfanye mtu awe mashine yako ya mazoezi.

Tarehe 13 Aprili: kiwiko

Hii naiandika kwa mkono mmoja.

Ijumaa kwenye sparingi nilikamatwa kufuli ya kiwiko. Nilikuwa nimetoka ubavuni mara mbili kwenye raundi ileile, nilikuwa na furaha, nikaona hata hapa natoka. Mkono ukanyooka, nikajiambia bado hauumi. Nikajaribu kuzungusha, yeye akainua nyonga kawaida tu, taratibu, kikalia. Kosa ni langu, mwenzangu alifanya kila kitu sawa na alikuwa ananisubiri nigonge.

Wiki tano nje. Hiyo ndo gharama kubwa kuliko zote kwenye shajara hii, ni kama saa 22 za darasa zimekwenda kwa ajili ya sekunde mbili za kukataa kugonga.

Watu wa mchezo huu tunalelewa na habari ya mwaka 1951 pale uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, Masahiko Kimura, mwanajudo wa Kijapani, alivyomfunga mkono Hélio Gracie, mmoja wa waanzilishi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, na Hélio akakataa kugonga mpaka upande wake ukasimamisha pambano, na ile kufuli mpaka leo inaitwa kimura. Nawaheshimu wote wawili. Ila lile lilikuwa pambano mbele ya uwanja wa watu, na langu lilikuwa Ijumaa jioni mazoezini.

Sheria zangu mpya, chukueni: kwenye kiwiko nagonga pale mkono umenyooka na magoti yake yamebana, sisubiri maumivu. Nagonga na kwa mdomo, maana kuna siku mikono yote miwili haipo huru. Kabali ikifunga pande zote mbili za shingo damu haiendi kichwani, ndani ya sekunde chache mtu anazima, kwa hiyo hapo hakuna kujipima. Na zile kufuli za kupinda kisigino, hizo ni mbaya zaidi maana kano za goti zinaweza kukatika kabla hujasikia maumivu ya maana, ndo sababu mashindano mengi yanazikataza kabisa kwa mkanda mweupe. Mtu akikushika kisigino na huelewi, gonga, muulize, muendelee.

Tarehe 25 Mei: kurudi

Kwenye zile wiki tano nilifanya vitu viwili. Cha kwanza, kukimbiza nyonga peke yangu sakafuni kila siku, mara 100. Faida niliyoiona ni ndogo, nyonga imelainika kidogo, lakini bila mtu juu yako hujui uende saa ngapi. Cha pili kimesaidia kuliko nilivyotegemea: nilirudi kwenye video, ila safari hii naangalia mapambano ya mashindano, nasubiri mtu abanwe ubavuni, nasimamisha, nakisia atatoka vipi, naendelea kuangalia. Nilikuwa nimeshabanwa vya kutosha kiasi kwamba najua swali, kwa hiyo jibu likija linakaa. Video zilezile zilizofeli Januari.

Kurudi nikakuta ubavuni bado nipo vizuri ila maunti nimesahau karibu kila kitu. Na kosa liko kwenye ratiba yangu. Machi nilifanya ubavuni wiki mbili mfululizo, afu maunti wiki mbili, nikijua naimaliza moja niende nyingine. Inapendeza maana kila siku unajiona unapanda, ila haibaki. Kuna jaribio maarufu la Shea na Morgan la mwaka 1979, waliofanya kazi za mkono kwa kuchanganya walionekana wabovu wakati wa mazoezi kuliko waliorudia moja moja, lakini baadaye walipopimwa tena ndo walikuwa wanakumbuka vizuri zaidi. Sasa hivi kila kikao nachanganya: raundi ubavuni, raundi mgongo, raundi maunti, narudi ubavuni. Inakera, unajiona unababaika. Nimeamua kuikubali hiyo hali.

Tarehe 29 Juni: mgongo

Mgongo ulinishinda wiki tatu nzima na sababu ilikuwa moja, mpangilio. Mtu akinishika mgongo mi nakimbilia miguu, nataka kutoa zile ndoano. Mikono yangu iko chini, shingo iko wazi, napigwa kabali ile ya nyuma ambayo Wabrazili wanaiita mata leão, muua simba. Kila siku hivyohivyo.

Ndoano hazimuui mtu. Mkono ndo unaua. Kwa hiyo kwanza shingo: mikono yangu miwili kwenye mkono wake mmoja, ule uliopita juu ya bega. Kidevu chini, ila usikitegemee kidevu. Mkono ukishashikwa, naenda chini kuelekea upande wa mkono wake uliopita chini ya kwapa, maana nikiangukia upande wa mkono wa juu nimemsaidia kazi. Lengo ni mabega na mgongo wangu viguse mkeka. Mgongo ukigusa mkeka hana tena sehemu ya kukaa, hapo ndo naruka ule mguu wake wa chini kwa nyonga, na nageuka kumwangalia kabla hajapanda maunti.

Mchezo mdogo tuliouweka: yeye anaanza mgongoni, mikono keshaifunga, ana dakika moja. Mi nikigusisha mabega yote mawili mkekani nimeshinda, hata kama miguu bado ipo. Kuvunja ile safari vipande ndo kulinisaidia, nikaacha kuifikiria miguu kabisa wiki mbili. Kutoka mara 1 kwenye 10 mpaka mara 5.

Tarehe 10 Agosti: nimekuwa mzuri wa kutoka, na basi

Tatizo jipya. Natoka ubavuni, narudisha nusu gadi, napitwa tena, natoka tena. Raundi nzima naishi chini na nachoka vibaya. Kutoka kunahitaji mahali pa kwenda.

Nimeongeza kitu kimoja tu: kutoka nusu gadi napitisha mkono chini ya kwapa lake, napanda kwa magoti, namwangusha. Nimeichagua kwa sababu ndo sehemu ambayo kutoroka kwangu kunaishia, sikuichagua kwa uzuri.

Ilifeli kwa sababu nilikuwa nalalia mgongo nikisubiri. Ukilala chali kwenye nusu gadi anakubana uso kwa bega na umeisha. Inabidi ukae kwa ubavu, goti la juu liwe ngao kifuani kwake, na mkono wa kwapani uingie pamoja na kichwa, paji la uso limegandamana na kifua chake. Nilikuwa naingiza mkono bila kichwa, anaukunja kwa juu ananirudisha chini. Kichwa kikiingia anakosa nafasi ya kusukuma.

Tarehe 21 Septemba: mashindano

Nimeenda kujipima. Mkanda mweupe, dakika tano. Pointi ni zile za kawaida: kuangusha 2, kupindua kutoka chini 2, goti tumboni 2, kupita gadi 3, maunti 4, mgongo 4.

Pambano la kwanza nimeangushwa ndani ya sekunde kama 20, akapita, 0-5. Nikatoka ubavuni, safi kabisa, vilevile kama tulivyofanya mara mia, nikarudisha nusu gadi, nikapindua, 2-5. Muda ukaisha mi nikiwa juu. La pili, walilotupangia tulioshindwa mwanzo, nimeshinda 2-0 kwa kupindua kulekule.

Nimefurahi kweli. Ila kuna mawili ya kukumbuka. Kutoka ubavuni hakuna pointi hata moja, nimefanya kazi ngumu kuliko zote nikarudi sifuri. Na kusimama sijafanya hata siku moja, mazoezini tunaanza kwa magoti, kwa hiyo pointi mbili za kwanza nilimpa bure.

Tarehe 26 Oktoba: kuhesabu tena

Raundi 46 tena, watu walewale kwa sehemu kubwa, ingawa na wao wamepanda. Ubavuni 12. Mgongo 5. Maunti 3. Kwenye 14 nimekwama nikiwa juu, nashindwa kupita gadi ya mtu, na hiyo mwezi wa pili haikuwepo hata moja kwa sababu sikuwa nafika juu. Zilizobaki 12 raundi imeisha vizuri au nimemgongesha.

Jumla zaidi ya saa 150 mkekani tangu Januari, wiki tano za kiwiko, daftari moja limejaa. Mkanda bado mweupe, kocha hajasema kitu na sijamuuliza.

Kwa hiyo orodha imebadilika. Maunti inatoka, kupita gadi inaingia, na kila kikao tunaanza raundi mbili tukiwa tumesimama, kila mtu ana mshiko mmoja kwenye kola na mmoja kwenye mkono wa kimono (koti la mazoezi), anayemgusisha mwenzie goti chini kashinda. Jana tulicheza 20, nimeshinda 3. Sita kati ya zile nilizopoteza nilikuwa nimekanyaga miguu imekaribiana, mwenzangu ananisubiri hapo anapiga ngwala. Hilo ndo la wiki hii.